Mtakatifu aliyekataliwa monasterini, akaenda kufyeka njia



Kila tarehe 12 Mei kuna mtakatifu mmoja anapita kimya kimya kwenye kalenda, na wengi wetu hatujui hata jina lake. Wahispania wanamwita Santo Domingo de la Calzada. Sisi tumwite Mt. Dominiko wa Calzada. Usimchanganye na yule Mt. Dominiko mwanzilishi wa Shirika la Wahubiri. Huyu wa leo alifariki mwaka 1109, miaka mingi kabla yule mwingine hajazaliwa. Na hilo neno calzada maana yake ni barabara iliyotandazwa mawe. Kwa hiyo ukitafsiri jina lake moja kwa moja, ni Dominiko wa Barabara. Jina lenyewe ni kazi yake.

Nilikutana naye mwaka jana kwenye kitabu cha zamani cha maisha ya watakatifu, kwenye kabati la parokia. Kusema kweli siku hiyo sikuwa natafuta mtakatifu yeyote. Nilikuwa nimekasirika.

Wenzangu niliomaliza nao shahada ya falsafa walikuwa wameshapokea barua za kwenda kuanza teolojia. Mimi barua yangu ilisema ningoje. Nikae parokiani mwaka mmoja, nisaidie kazi, halafu itaangaliwa. Barua ilikuwa na lugha nzuri tu, lakini ukiisoma mara kumi unaanza kuona maneno ambayo hayakuandikwa. Nyumbani mama alikuwa ameshatangaza jumuiya nzima kwamba mtoto anaingia teolojia. Kila nikipiga simu naulizwa, Frateri, unaondoka lini? Nikawa nasema karibuni, karibuni.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipofungua ukurasa ule na kusoma kwamba kuna mtakatifu aliyekataliwa mara mbili.

Mtoto wa wakulima

Dominiko alizaliwa karibu mwaka 1019 katika kijiji cha Viloria, kaskazini mwa Hispania, upande wa Rioja. Baba yake aliitwa Ximeno, mama yake Orodulce. Walikuwa watu wa shamba. Alipokua, alitaka kuwa mtawa, akaenda kubisha hodi kwa Wabenedikto wa Valvanera. Hawakumpokea. Akaenda San Millán de la Cogolla, monasteri kubwa na maarufu. Huko nako hawakumpokea.

Sababu inayotajwa ni kwamba masomo yalimshinda. Tusiwaone watawa wale kama watu wabaya. Maisha ya monasteri wakati ule yalikuwa maisha ya Kilatini: zaburi mchana na usiku, masomo ya Maandiko, kunakili vitabu kwa mkono. San Millán hasa ilisifika kwa vitabu. Kuna hati ya huko ambayo mtawa fulani aliiandikia maelezo mafupi pembeni kwa lugha ya watu wa kawaida, na maelezo hayo yanahesabiwa kati ya maandishi ya kale kabisa ya lugha iliyokuja kuwa Kihispania. Sasa fikiria kijana wa shamba, mikono imezoea jembe, anaingia kwenye nyumba ya namna hiyo. Walimpima kwa kipimo walichokuwa nacho.

Lakini kwa Dominiko maumivu yalikuwa yale yale. Alikuwa na hamu moja maishani, na milango miwili aliyoijua ilikuwa imefungwa.

Mimi ningerudi nyumbani. Au ningekaa nje ya geti nikilalamika. Yeye aliingia msituni, sehemu iliyoitwa Ayuela, karibu na mto Oja, akawa mkaapweke. Kama hawezi kusali pamoja na watawa, basi atasali peke yake. Akakaa huko miaka kadhaa.

Alichokiona msituni

Hapa inabidi nieleze kidogo juu ya eneo lenyewe, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini mtu huyu alikuja kushika mundu.

Hispania ya kaskazini-magharibi kuna mji wa Santiago de Compostela, ambako Wakristo wanaheshimu kaburi la Mtume Yakobo Mkubwa. Katika karne ile ya 11 mahujaji walikuwa wanatoka Ufaransa, Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya, wanavuka milima ya Pirenei kwa miguu, wanaelekea huko. Kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, chini ya milima upande wa Ufaransa, hadi Compostela ni karibu kilomita 780. Watu wanatembea wiki baada ya wiki. Wengine wagonjwa, wengine wazee, wengine wametumwa kama malipizi ya dhambi zao.

Sasa kati ya mji wa Nájera na kijiji cha Redecilla, njia yao ilipita kwenye msitu ule ule wa Dominiko. Pori nene. Tope la kuvuta viatu. Wanyang'anyi. Na mto Oja, ambao maji yakijaa unatapakaa kwenye changarawe na kubadilisha mahali pa kupita, na hauna daraja. Barabara ya zamani ya Warumi ilikuwepo, lakini ilizunguka kwingine.

Mkaapweke akikaa karibu na njia kama hiyo, sala zake zitakatizwa tu. Atasikia watu wakiita usiku. Atamkuta mtu ameketi chini ya mti na mguu umevimba. Dominiko alikuwa amekwenda msituni kumtafuta Mungu kwenye ukimya, kumbe huko kuna watu wanapotea kila wiki.

Mapokeo yanasema kwamba karibu mwaka 1039 alifika upande ule Gregori, Askofu wa Ostia, mjumbe wa Papa, aliyetumwa wakati nzige walipokuwa wanaangamiza mashamba. Dominiko akajiunga naye na kumsaidia. Gregori hakumuuliza Kilatini chake kikoje, au labda aliuliza na bado akamchukua. Alimpa daraja la upadre, na wote wawili wakajenga daraja la mbao juu ya mto Oja ili mahujaji wapite. Nikisoma hapo huwa natabasamu, maana kwa Kiswahili neno ni lile lile: siku zile Dominiko alipewa daraja, na akajenga daraja.

Gregori alifariki mwaka 1044. Dominiko akarudi Ayuela. Safari hii hakurudi kukaa tu. Alirudi na zana.

Mundu, mawe na mto

Kazi aliyoifanya kuanzia hapo ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Alifyeka msitu. Alikata miti na kung'oa visiki. Akatengeneza barabara ya mawe iliyopita juu ya tope, ikafupisha safari ya mahujaji. Daraja la mbao, ambalo mafuriko yanaweza kulibeba usiku mmoja, akalibadilisha kwa daraja la mawe. Akachimba kisima. Akajenga nyumba ya kuwapokea mahujaji na kuwatunza wagonjwa.

Hakuna aliyemtuma. Hakuwa na mshahara. Alianza kama mtu mmoja mwenye mundu, na wakulima wa jirani wakaanza kuja kusaidia mmoja mmoja. Inasimuliwa kwamba miti mikubwa ya mialoni ilianguka kwa mundu wake kama majani, na kwamba alipopiga magoti kusali mundu uliendelea kukata wenyewe. Wewe utaamini utakavyo. Mimi niliyeshika fyekeo mwaka huu nadhani hadithi hiyo ilitungwa na mtu aliyekuja kutazama kazi ikiwa imekwisha.

Naomba nikwambie jambo ambalo sikulijua kabla ya mwaka huu. Njia haifi kwa sababu mtu ameiharibu. Inakufa yenyewe ikiachwa. Majani yanaota pembeni, watu wanakanyaga katikati tu, katikati panakuwa mfereji, mvua inapita humo kwa kasi, inachimba, halafu watu wanahama na kukanyaga pembeni, na pembeni nako panachimbika. Misimu miwili tu, na mlima unabaki na makovu ya makorongo. Ndiyo maana kazi kubwa ya mtu wa njia ni kuyaonyesha maji pa kutokea. Kufyeka ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mitaro midogo inayokatwa mshazari, ili maji yatoke njiani kabla hayajapata nguvu.

Nimejifunzia hayo kwenye njia ya kwenda kigango chetu cha mbali. Ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu, upande wa mlima, na pikipiki haifiki. Masika yaliyopita yalikata njia sehemu tatu. Bibi mmoja wa jumuiya aliteleza akakaa wiki kadhaa bila kutembea, na kwa muda huo hakuna aliyempelekea Komunyo. Vijana wa kigango wakaitisha msaragambo, na mimi kwa kuwa nilikuwa frateri asiye na kazi maalumu nikaenda nao. Katekista, mzee ambaye hajasoma zaidi ya darasa la saba, ndiye aliyenionyesha jinsi ya kukata mtaro. Wangu wa kwanza aliufukia kwa mguu bila kusema neno. Nilikuwa nimeuelekeza maji yaangukie shamba la mtu.

Shahada yangu haikunisaidia chochote siku hiyo. Nilikumbuka San Millán. Siku ile katekista ndiye aliyekuwa mlinzi wa mlango, na mimi ndiye niliyekuwa sijui kusoma.

Kazi isiyokwisha

Turudi kwa Dominiko. Mwaka 1076 Mfalme Alfonso VI wa Kastilia aliitwaa Rioja, na akaona faida ya kazi ile. Barabara nzuri inaleta mahujaji, mahujaji wanaleta biashara, biashara inajenga ufalme. Akaunga mkono kazi za Dominiko. Mwaka 1090 mfalme mwenyewe alifika kuziona.

Mtu mwingine hapo angetulia. Alikuwa na miaka kama sabini, mfalme anamfahamu, nyumba zimeanza kujengwa kuzunguka hospitali yake. Yeye akaanza kujenga kanisa kwa heshima ya Mwokozi na Bikira Maria, likabarikiwa mwaka 1106. Na njia iliendelea kuhitaji watu, maana mawe yanazama, mto unajaa, vichaka vinarudi. Kwa sababu hiyo alifanya jambo ambalo naliona kuwa la hekima kuliko yote: alimfundisha kijana.

Kijana huyo aliitwa Yohane, aliyezaliwa mwaka 1080 huko Quintanaortuño karibu na Burgos. Dominiko alimzidi kwa miaka kama sitini. Yohane alishika mundu ule ule, na mwalimu alipofariki akaendelea na madaraja na barabara. Baadaye akaenda kukaa kwenye milima ya Oca, mahali pengine pa hatari kwa mahujaji, akajenga kanisa na nyumba ya wageni. Mahali pale pakaitwa Ortega, jina linalotokana na mmea unaowasha ukiugusa. Fikiria mahali pa kuchagua kuishi! Yohane alifariki mwaka 1163, na sisi tunamjua kama Mt. Yohane wa Ortega.

Dominiko mwenyewe alifariki tarehe 12 Mei 1109, akiwa na umri wa karibu miaka 90. Hawakumzika mbali. Alizikwa pale pale kando ya njia, na kanisa lilipopanuliwa baadaye, kaburi likawa ndani yake. Mji uliozunguka hospitali yake unaitwa kwa jina lake mpaka leo, Santo Domingo de la Calzada. Wahandisi wa barabara na madaraja wa Hispania wanamheshimu kama msimamizi wao. Yule aliyeshindwa masomo ya watawa ni msimamizi wa watu wa hesabu na vipimo!

Ukienda kwenye kanisa kuu la mji huo utakuta kitu cha ajabu: banda la kuku ndani ya kanisa, juu ukutani, na humo jogoo na kuku hai. Ni kumbukumbu ya hadithi maarufu ya kijana hujaji aliyesingiziwa wizi wa kikombe cha fedha akanyongwa. Wazazi wake waliporudi kutoka Compostela walimkuta bado hai, mtakatifu amemshikilia. Hakimu aliyekuwa mezani akawacheka, akasema kijana wao ni mzima kama kuku hao waliokaangwa. Basi kuku wakasimama kwenye sahani wakawika. Watalii wanapenda sana hadithi hii. Mimi napenda zaidi kwamba chama cha kitume chenye jina la mtakatifu huyu bado kinawapokea mahujaji katika mji huo, na wenyeji wanafuata desturi hiyo tangu enzi zake. Miaka zaidi ya 900, mtu anafungua mlango, anatandika kitanda, anaonyesha mahali pa kuoshea miguu.

Daktari mwenye ndoo ya rangi

Kuna mtu mmoja wa karne iliyopita lazima nimtaje. Padre Elías Valiña alikuwa paroko wa O Cebreiro, kijiji cha mlimani kwenye njia hiyo hiyo, lakini mbele zaidi, upande wa Galicia. Alikuwa msomi, ameandika tasnifu yake ya udaktari juu ya njia ya Mt. Yakobo. Wakati wake mahujaji walikuwa wamepungua sana, na sehemu nyingi njia ilikuwa imepotea kwenye mashamba na vichaka. Mwaka 1984 alichukua rangi ya njano, akapanda gari lake, akaanza kuchora mishale kwenye miti, mawe na kuta, kuonyesha pa kupita. Alifariki mwaka 1989. Leo mishale ya njano ndiyo alama ya njia nzima, na mwaka 2023 zaidi ya watu 400,000 walipokea cheti cha hija pale Compostela.

Mmoja hakuweza kupokewa kwa sababu ya elimu ndogo. Mwingine alikuwa daktari. Njia iliwapokea wote wawili, na iliwadai kitu kimoja: utoke nje uinamie kazi.

Kwako kijana

Rafiki, labda na wewe una barua yako. Umeomba chuo hukupata. Umeomba kazi, kimya. Uchumba umevunjika. Umeomba kuingia utawa ukaambiwa subiri. Sitakwambia kwamba kukataliwa ni baraka iliyofichwa, maana wakati mwingine kunauma tu, na Dominiko naye hakupewa kamwe kile alichoomba. Alikufa bila kuwa mtawa wa Valvanera wala wa San Millán.

Ninachokiona kwake ni hiki. Alipokaa na maumivu yake kwenye sala, hakufumba macho. Akaona nani anapita mbele ya kibanda chake, na nani anaanguka. Akaanza na jiwe lililokuwa karibu. Wito wake ulikuwa unatembea kwa miguu, umechoka, unauliza njia.

Kwa hiyo wiki hii nakuomba mambo mawili. Kwanza, mchukulie Mungu ile barua yako mbele ya Ekaristi, uisome hapo, ulie ukitaka. Pili, tafuta njia moja karibu na wewe inayokufa kwa kuachwa. Inaweza kuwa njia kweli, ya kwenda kisimani au kigangoni. Inaweza kuwa mgonjwa ambaye watu wameacha kumtembelea. Usitangaze. Nenda mara moja, halafu urudi tena, maana majani yataota tena.

Mimi bado nangoja. Walezi wanakutana mwezi wa saba, na sijui watasema nini. Mama nimeshamweleza ukweli. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama huko mlimani kuna baridi. Mitaro yetu imevuka masika ya mwaka huu, isipokuwa mmoja uliobomoka pale kwenye kona ya mwembe. Jumamosi tunapanda kuurekebisha, na yule bibi ameahidi kutupikia chai, maana sasa anatembea.

Tusali: Ee Mungu Baba, ulimwonyesha Mt. Dominiko watu waliopotea njiani, ukampa mikono ya kuwatumikia. Utufundishe kungoja bila kukaa bure, na kufanya kazi bila kutafuta kuonekana. Utupe moyo wa kurudi tena pale palipoota miiba. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mt. Dominiko wa Calzada, utuombee.